Ile sifuri ya mwanzo usiifute

Chukua kasha la gemu la zamani la Nintendo lililouzwa Marekani, uligeuze. Nyuma kuna mistari myeusi, yaani msimbopau, au bakodi kama wengi tunavyoiita, na chini yake mara nyingi utakuta namba inayoanza na 0 45496. Sasa iandike kwenye Excel. Usipoiambia programu kwamba hayo ni maandishi, itadhani ni hesabu ya kawaida na kuitupa sifuri. Tarakimu 12 zimebaki 11, na kanzidata yako imeanza kusema uongo.

Kwa nini sifuri moja isumbue watu? Turudi nyuma kidogo. Norman Joseph Woodland alijifunza alfabeti ya Morse akiwa skauti. Siku moja, akiwa ufukweni Miami, alichora nukta na vistari mchangani, kisha akavivuta kuelekea chini vikawa mistari minene na myembamba. Yeye na Bernard Silver waliomba hataza mwaka 1949, wakaipata 1952. Ikakaa tu, maana vifaa vya kuisoma kwa bei nafuu havikuwepo. Msimbo tunaoujua leo ulitoka IBM, kwa kazi ya George Laurer, na tarehe 26 Juni 1974 pakiti ya chingamu aina ya Juicy Fruit ikapitishwa kwenye skana ya duka la Marsh, mjini Troy, Ohio.

Zingatia: ulikuwa mradi wa maduka ya vyakula. Maduka ya vitu vingine yalijiunga taratibu. Kwa hiyo ukikuta gemu la miaka ya 1970 halina msimbo, usidhani kuna kitu kimepotea. Andika kwamba hakuna. Nafasi tupu kwenye kanzidata haimwambii mtu kama kasha halina msimbo au hakuna aliyeangalia, na hayo ni mambo mawili tofauti kabisa.

Tarakimu ya mwisho ni mlinzi. Jaribu na 036000291452. Jumlisha tarakimu za nafasi ya 1, 3, 5, 7, 9 na 11: unapata 14. Zidisha kwa 3, ni 42. Ongeza zile za nafasi ya 2, 4, 6, 8 na 10, ambazo ni 16. Jumla 58. Ili kufika 60 inapungua 2, na 2 ndiyo tarakimu ya mwisho. Ukikosea tarakimu moja, hesabu itakukamata. Lakini ukipindua 2 na 7 zilizofuatana, mlinzi amelala! Tofauti yao ni 5, na jumla inaishia palepale. Na ile sifuri ya mwanzo? Haiongezi chochote kwenye jumla, kwa hiyo programu inayohesabu kuanzia kulia haitaona kwamba imeondoka.

Mambo yanazidi kuchanganya kwa sababu Ulaya walichukua mfumo wa Marekani wakaongeza tarakimu moja, zikawa 13. Namba ya Marekani ni ileile ikitanguliwa na sifuri. Maduka ya Marekani na Kanada yalipewa hadi 1 Januari 2005 kuwa tayari kusoma zote 13. Kwa kompyuta ya duka, 12 na 13 ni bidhaa moja. Kwa mhifadhi, ni ushahidi wa kile kilichochapishwa kwenye karatasi, kwa hiyo unaandika unachokiona.

Tena, usiipe namba kazi isiyo yake. 45 na 49 ni za Japani, 616 ya Kenya, 620 ya Tanzania (cheki pakiti jikoni kwako), lakini zinaonyesha kampuni ilisajili namba yake wapi, si bidhaa ilitengenezwa wapi. Wala msimbo hauelezi kilichomo ndani ya diski. Diski ya PlayStation ina namba yake, kama SLUS kwa Marekani au SLES kwa Ulaya, nayo inawekwa mahali pake. Angalia pia stika: duka linaweza kubandika msimbo wake juu ya ule wa asili.

Haya yote yana uzito kwa sababu makasha ndiyo hutupwa kwanza. Utafiti wa Video Game History Foundation wa mwaka 2023 ulikuta asilimia 87 ya michezo ya zamani iliyotoka Marekani haiuzwi tena madukani.

Halafu kuna Barcode Battler, kifaa cha kampuni ya Epoch kilichotoka Japani mwaka 1991. Mtoto alikipitishia msimbo wa pakiti yoyote ya dukani, na tarakimu zikageuka nguvu za mpiganaji. Hapo namba ndiyo gemu lenyewe. Anayetaka kulihifadhi lote inabidi ahifadhi na makaratasi ya biskuti.