Mti wa Katuruka na bomba la mafuta

Kuna jambo linanikera siku nyingi, leo acha niliseme.

Kijana anayesoma sekondari pale Kahororo, kama wenzake kote nchini, anafundishwa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia. Sarajevo anaijua, Mkataba wa Versailles anaujua. Sasa muulize: tarehe 22 na 23 Juni 1915 kulitokea nini hapa Bukoba? Wengi watakutumbulia macho. Siku hizo Waingereza walikuja kwa meli wakitokea Kisumu, wakapigana na Wajerumani kwenye vilima vya mji huu huu, wakalipua kituo cha redio, mji ukaporwa, kisha wakaondoka. Vita vya dunia vilifika mlangoni kwetu, nasi tunavisoma kama habari za majirani!

Najua utaniambia dawa yake: tujenge mnara, mkubwa aje akate utepe, tupige picha, basi. Mimi nina wasiwasi na dawa hiyo.

Twende Katuruka, kule Maruku, Bukoba Vijijini. Miaka ya mwisho ya 1960 alifika mwanaakiolojia Mmarekani, Peter Schmidt. Kabla ya kushika jembe aliketi kuwasikiliza wazee. Wakamwonyesha mti, mahali paitwapo Kaiija, yaani pa kufulia chuma. Wakamsimulia habari za mfalme Rugomora Mahe, aliyetaka ajengewe mnara wa chuma ufike mbinguni. Watu wakachimba. Chini yakapatikana mabaki ya ufuaji wa chuma, na mkaa wake ulipopimwa ukaonekana una zaidi ya miaka 2,000.

Hebu fikiria hilo. Hapakuwa na kibao wala bamba la shaba. Palikuwa na mti, jina, na watu wa kusimulia.

Halafu ukaja UKIMWI. Wagonjwa wa kwanza Tanzania waligunduliwa mkoani Kagera mwaka 1983. Kilichofuata kila ukoo unakijua. Waliokuwa wapokee masimulizi kwa wazee na kuyakabidhi kwa watoto walizikwa kabla ya wazee wao. Schmidt aliporudi Katuruka miaka ya 2000 wasimulizi wengi hawakuwepo, na wanakijiji walikuwa wakihangaika wenyewe kukusanya kilichobaki.

Ndiyo maana nasema jiwe peke yake halitoshi. Nenda Kaboya, wilayani Muleba. Pale wamelala askari wetu wa vita vya 1978 na 1979, na makaburi yao yana heshima inayostahili. Lakini vita vile havikuwakuta askari tu. Huko Missenyi, ng'ambo ya Mto Kagera, jeshi la Idi Amin liliwakuta wakulima na wafugaji majumbani mwao mwishoni mwa Oktoba 1978. Siku chache baadaye likalipua daraja la Kyaka, mji mdogo pale mtoni. Nani alikuwa ameshavuka? Nani alibaki ng'ambo? Hotuba ya Mwalimu ya tarehe 2 Novemba tunaikariri mpaka leo. Majina ya waliobaki ng'ambo je?

Sasa ardhi hiyo hiyo imepitiwa na mradi wa bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima, Uganda, hadi Chongoleani, Tanga, kilomita 1,443. Kwa upande wetu linaingilia Missenyi. Sina ugomvi na bomba, maendeleo tunayataka. Ila tazama kazi ilivyofanyika: njia ikapimwa, mashamba yakaorodheshwa, migomba na mibuni ikathaminiwa kwa ajili ya fidia. Tena bomba la namna hii huwekewa nguzo za alama juu ya ardhi, mtu asije akachimba. Kumbe kuhesabu na kuweka alama tunaweza, tukitaka!

Miaka 50 ijayo mgeni atakayefika Missenyi atajua kwa uhakika mafuta yalipita wapi. Watu walikimbilia wapi mwaka 1978, atamuuliza nani?

Aliyekuwa na miaka 20 wakati ule leo amevuka 60. Bado yupo, amekaa chini ya mgomba na kibuyu chake cha lubisi, na hakuna anayemuuliza. Wewe simu yako inarekodi. Desemba ukienda nyumbani, mwulize mambo matatu tu: mlivukia wapi, mlilala kwa nani, nani hakurudi. Mwache aseme kwa Kihaya kama ndicho kinachomtoka. Kisha andika, na nakala moja uiache shuleni, nyingine ofisi ya kijiji.

Mnara utafuata baadaye. Siku ukijengwa, angalau tutakuwa na cha kuandika juu yake.