Wafarini Bila Kipimo: Kinga Pungufu Dhidi ya Kiharusi cha Pili

Mgonjwa akitoka wodini baada ya kiharusi cha kwanza, mara nyingi huandikiwa aspirini na kuambiwa ni ya kulainisha damu. Ikiwa CT skani imeonyesha kwamba mshipa wa ubongo uliziba, haukupasuka, na moyo hauna kasoro, ushauri huo ni sahihi. Utafiti wa WARSS uliotangazwa Marekani mwaka 2001 uliwafuatilia kwa miaka 2 watu zaidi ya 2,000 ambao bonge lao la damu halikutoka moyoni. Wafarini, dawa nyingine ya kuzuia damu kuganda, haikuishinda aspirini.

Moyo ukiwa na kasoro, hesabu hubadilika. Kwa wagonjwa ambao mapigo ya moyo yamepoteza mpangilio, utafiti wa EAFT wa Ulaya (1993) ulionyesha kuwa dawa za kundi la wafarini zilishusha kiharusi kutoka wagonjwa 12 hadi 4 katika kila 100 kwa mwaka. Aspirini haikukaribia hapo. Kumpa mgonjwa wa aina hii aspirini peke yake ni kumwacha wazi.

Afrika Mashariki, moyo huo mara nyingi umeharibiwa na homa ya rumatiki ya utotoni iliyokaza valvu, na mwenye nao huwa mama angali kijana. Wengi tulitumaini kwamba dawa mpya zisizohitaji kupima damu kila mara zingemwokoa. Mwaka 2022 utafiti wa INVICTUS, uliohusisha watu zaidi ya 4,500 wenye moyo wa aina hiyo katika nchi 24 za Afrika, Asia na Amerika ya Kilatini, ulitupa jibu tusilolitarajia: waliotumia dawa za kundi la wafarini walikufa wachache kuliko waliopewa rivaroksabani, mojawapo ya dawa hizo mpya, wala hawakuvuja damu zaidi.

Lakini wagonjwa hao wa wafarini walipimwa mara kwa mara INR, yaani kipimo cha muda ambao damu huchukua kuganda, na hapo ndipo penye tatizo letu. INR inatakiwa iwe kati ya 2 na 3. Ikishuka, damu huganda moyoni. Ikipanda mno, mgonjwa anaweza kuvuja damu hata ubongoni. Dawa ya bakteria ya Septrini huipandisha, rifampisini ya kifua kikuu huishusha, na msimu wa mchicha na kisamvu nao huivuruga. Itazame kadi ya kliniki ya mgonjwa anayeishi mbali: 1.4, kisha miezi mitatu mitupu, kisha 5.2. Vidonge alimeza vyote. Kilichokosekana ni nauli ya kwenda hospitali ya rufaa.

Sizikatai dawa mpya. Kwa wasio na ugonjwa wa valvu zinafaa sana, na Shirika la Afya Duniani liliziingiza katika orodha ya dawa muhimu mwaka 2019. Ninachopinga ni kuzisubiri kana kwamba zitatuondolea wajibu wa kupima. Mashine ndogo ya INR hutumia tone moja la damu ya kidole na kutoa jibu kwa dakika chache. Muuguzi aliyefunzwa, mwenye jedwali la dozi mezani, anaweza kurekebisha dawa siku hiyo hiyo. Mashine hiyo ikae hospitali ya wilaya, na bima zilipie vitepe vyake vya kupimia kama zinavyolipia vidonge.