Kazi ya Bibi Wakati wa Kiangazi: Habari za Kale za Uluguru na Daftari la Ushirika Wetu



Katika kurasa nyingine za kitabu hiki cha ukumbusho mtasoma habari za mikutano, maghala, mizani na fedha za miaka kumi ya Chama chetu Kikuu. Mimi nimepewa kazi ya kuandika historia, nami nimeona si vema kuanzia siku ile ilipotolewa hati ya uandikishaji. Ushirika wa karatasi ni wa juzi. Ushirika wa kulima, kutunza mbegu, kuchota maji na kubeba mizigo hadi sokoni ulikuwako katika milima ya Uluguru kabla hajazaliwa karani hata mmoja, na mtunzaji wake mkuu alikuwa bibi. Kwa hiyo nitaeleza maisha yake ya kila siku wakati wa kiangazi, maana ndipo kazi yake ilipoonekana wazi kuliko wakati mwingine wowote. Kisha nitaeleza kwa nini habari hizo zinatuhusu sisi tunaoshika madaftari.

Kiangazi cha mlimani

Watu wa nchi tambarare hudhani kwamba kiangazi ni wakati wa mkulima kukaa kivulini. Mlimani sivyo. Masika yakiisha mwezi wa Mei, baridi hushuka, na katika Juni na Julai ukungu hufunika vilele hata Kimhandu, wenye kimo cha zaidi ya mita 2,600, hauonekani kwa siku nyingi. Upande wa mashariki, huko Matombo na Kinole, mvua ni nyingi, kwa kuwa milima huupokea kwanza upepo utokao Bahari ya Hindi. Upande wa magharibi, huko Mgeta, ukavu ni mkubwa zaidi, lakini vijito vitokavyo msituni huendelea kutiririka. Ndiyo sababu kiangazi kiliwapa bibi zetu kazi za namna mbili: bibi wa Matombo alivuna, akaanika na kuweka akiba, bibi wa Mgeta alilima tena, kwa maji ya mifereji.

Siku yake ilianza jogoo wa kwanza alipowika. Alichochea makaa yaliyofukiwa katika majivu ya mafigani, akabandika chungu cha magimbi au ndizi, kisha akashuka bondeni na mtungi kabla jua halijachomoza. Aliporudi aliwaamsha wajukuu kwa mzaha, maana kati ya bibi na mjukuu utani ni ruhusa. Mjukuu wa kiume aliitwa mume mvivu, naye akajibu kwamba mke mwenyewe hana meno. Baada ya mzaha huo kila mmoja alipewa kazi yake: huyu kufukuza ndege kwenye mpunga, huyu kuchunga muhogo unaoanikwa, huyu kuokota kuni.

Mchana ulikuwa wa kuanika na kupepeta. Muhogo ulimenywa, ukakatwa na kutandazwa juani ukawa makopa. Majani ya kunde yalichemshwa, yakakaushwa, yakafungwa kwa ajili ya miezi ya njaa. Mpunga ulitwangwa kinuni na kupepetwa kwa ungo. Jua lilipopungua ukali bibi alikaa kibarazani akisuka mkeka, au akifinyanga chungu, kwa kuwa vyungu hukauka vizuri wakati huo. Jioni, watoto walipokusanyika motoni, ndipo alipowafundisha koo zao, miiko yao, na mipaka ya mashamba: mti fulani, jiwe fulani, kijito fulani. Shule hiyo haikuwa na ubao wala chaki, lakini waliosoma humo hawakusahau mpaka wa shamba.

Mbegu juu ya moto

Kazi moja yafaa itajwe peke yake. Bibi aliyenilea alichagua mahindi bora kabla ya watu kula lolote, akayafunga kwa maganda yake, akayatundika darini juu ya meko ili moshi uwafukuze fukusi. Maharagwe ya mbegu aliyachanganya na majivu, akayatia mtungini. Hata siku ambayo chungu cha jioni kilikuwa na maji kuliko chakula, mbegu hazikuguswa. Nilipokuwa mdogo niliona ni ugumu wa moyo. Baadaye niliposoma maneno ya mtaji, akiba na mfuko wa dharura katika mafunzo ya ukatibu, nilitambua kwamba nimekwisha kuyaona yote darini kwa bibi.

Wala bibi mmoja hakutunza kwa ajili ya nyumba yake tu. Aliyepotewa na mbegu kwa mafuriko au panya alikwenda kwa dada au shangazi wa ukoo, akapewa kikapu, akakirudisha baada ya mavuno kikiwa kimejaa zaidi. Shamba likiwa kubwa, jirani walialikwa kulima, wakapikiwa chakula na pombe, na siku ya jirani ilipofika, deni la jembe lililipwa kwa jembe. Haya yote yalifanyika bila stakabadhi, kwa sababu kila mtu alimjua mwenzake.

Samaki mkavu na mzigo wa kichwani

Bibi wa mlimani hakukaa mbali na dunia. Mto Ruvu hupata maji kutoka Uluguru na kuingia baharini karibu na Bagamoyo, na njia ya misafara kutoka Bagamoyo kwenda bara ilipita chini ya milima yetu. Katika mwaka 1871 msafiri Henry Morton Stanley alipopita mahali ulipo mji wa Morogoro, alikuta mji wenye ngome uliojengwa na Kisabengo, na aliyeutawala wakati ule alikuwa mwanamke, binti yake Kisabengo, Bibi Simbamwene. Watu wa Morogoro, basi, hawakungoja karne ya ishirini ili waone mwanamke akishika madaraka.

Kwa njia hiyo chumvi na samaki wakavu walipanda kutoka pwani. Katika jamaa za wavuvi wa pwani, mume alirudi na ngalawa, lakini samaki asiyeuzwa siku ile angeoza kama mke na bibi wasingempasua, kumtia chumvi na kumwanika juani. Na wanawake wenyewe walitanda dagaa na uduvi kwa nguo katika maji machache. Hivyo ng'onda aliyefika Uluguru alikuwa amepita mikononi mwa bibi mmoja wa pwani kabla hajapikwa na bibi mwingine wa mlimani. Wote wawili walifanya kazi moja: kukifanya kiangazi kiwe ghala. Na wote wawili jasho lao liliuzwa mara nyingi kwa jina la mtu mwingine.

Reli kutoka Dar es Salaam ilifika Morogoro mwaka 1907, na soko la mji likakua. Mboga za kigeni zilizoletwa katika siku za utawala wa Wajerumani na za wamisionari, kama kabichi, karoti, njegere na viazi, zilikubali baridi ya Mgeta, nazo zikawa mazao ya kiangazi. Wanawake walishuka kwa njia za miguu na vikapu vichwani, wengine wakiondoka usiku ili wafike sokoni asubuhi. Fedha za kwanza za nyumba nyingi za mlimani, za chumvi, za kaniki na za ada ya shule, zilishuka kwa njia hiyo, juu ya kichwa cha mwanamke.

Ardhi ya tombo

Sasa tuulize: shamba hilo lilikuwa la nani? Waluguru hufuata ukoo wa mama. Mtoto ni wa ukoo wa mama yake, na tawi la ukoo huitwa tombo, yaani ziwa la mama, kwa kuwa wote wamenyonya chimbuko moja. Matombo nako kulipata jina kutokana na mfano huo huo, kwa ajili ya vilele viwili vya huko. Ardhi ilikuwa ya ukoo. Msimamizi wake kwa kawaida alikuwa mjomba, lakini haki ya kuilima ilipita kwa mama kwenda kwa watoto wake. Mume aliyeoa katika ukoo mwingine aliweza kulima shamba la ukoo wa mkewe maisha yake yote, lakini hakulifanya kuwa lake. Kwa hiyo bibi hakuwa kibarua katika shamba alilolima. Alikuwa mizizi yake.

Funzo la mwaka 1955

Katika miaka ya mwanzo ya 1950 serikali ya Waingereza ilileta Mpango wa Matumizi ya Ardhi wa Uluguru. Nia iliyotajwa ilikuwa njema: kuzuia mvua isisombe udongo. Watu waliamriwa kuchimba matuta ya ngazi milimani na kukatazwa kuchoma majani ya mashamba. Lakini upande wa mashariki udongo wa rutuba ni mwembamba. Matuta yalipochimbwa, udongo mbaya wa chini ulitoka juu, na mazao yakapungua. Tena kazi hiyo iliongezwa juu ya mikono ile ile iliyokuwa ikivuna, ikianika na kubeba. Manung'uniko yakawa hasira, na mwezi wa Julai 1955 kulitokea ghasia huko Matombo, polisi wakapiga risasi, mtu mmoja akafa. Baada ya hapo mpango wa kulazimisha matuta uliachwa.

Lakini angalieni upande wa Mgeta. Huko matuta yako mpaka leo, tena watu huyatengeneza wenyewe, kwa sababu yanafaa kwa mboga za kiangazi, mbolea na maji ya mfereji. Tuta ni lile lile na milima ni ile ile. Tofauti ni kwamba upande mmoja tuta liliafikiana na kazi ya mkulima, na upande mwingine liliipinga. Mipango haiangushwi na ujinga wa wakulima. Huangushwa na kutomwuliza anayeshika jembe.

Jina la nani limeandikwa?

Hapa ndipo historia inapotugusa. Sheria ya vyama vya ushirika ilianza Tanganyika mwaka 1932. Vyama vikuu vilivunjwa na serikali mwaka 1976, vikarudishwa kwa sheria ya mwaka 1982. Na leo tunaongozwa na sheria ya mwaka 2013. Katika safari yote hiyo daftari lilirithi desturi moja: kuandika jina la mume kuwa ndilo jina la nyumba.

Matokeo yake nimeyaona. Katika chama kimoja cha msingi, ambacho sitakitaja, mama mmoja alileta mazao ghalani miaka mingi kwa namba ya mumewe. Mzee alipofariki, malipo ya msimu yalizuiwa mpaka ipatikane barua ya usimamizi wa mirathi kutoka Mahakama ya Mwanzo. Shamba lilikuwa la tombo la mama, jasho lilikuwa la mama, mzigo aliubeba mama, lakini fedha zilikuwa za marehemu. Mama huyo alikopa chakula katika mwezi ule ule ambao mazao yake yalikuwa yamekwisha kuuzwa. Hakuna mtu aliyeiba. Kila karani alifuata daftari. Lililokosea ni daftari lenyewe.

Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inampa mwanamke haki sawa na mwanamume ya kupata na kumiliki ardhi. Kanuni za ushirika zilizothibitishwa Manchester mwaka 1995 husema uanachama ni wazi bila ubaguzi wa jinsia. Sisi wa Uluguru hatukuhitaji kufundishwa jambo hilo na Manchester, lakini kama Manchester wanaliandika na sisi hatuliandiki, aibu ni yetu.

Kwa hiyo naomba kila chama cha msingi, kabla ya mavuno ya kiangazi kijacho, kifanye mambo matatu. Kwanza, alimaye aandikwe kwa jina lake mwenyewe, awe mume, mke au mjane. Pili, stakabadhi ya ghalani itolewe kwa jina la mwenye mazao, na malipo yafuate stakabadhi hiyo. Tatu, mkutano unaoamua habari za mbegu, mifereji na bei usifanywe saa ambayo wanawake wako shambani au njiani kwenda sokoni.

Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Bibi zetu walikuwa na mali na hawakuwa na daftari, nayo haikupotea kwa sababu wao wenyewe walikuwa kumbukumbu. Sisi tunalo daftari. Na tuwaandike humo.