Meli Zilizoundwa kwa Haraka

Leo tutasoma habari za meli za shehena, na jinsi njia ya kuziunda ilivyobadilika wakati wa Vita Kuu ya Pili.

Zamani mabamba ya chuma ya meli yaliunganishwa kwa ribiti. Ribiti ni msumari mnene. Fundi aliupasha moto hata ukawa mwekundu, akaupenyeza tunduni, na mwenzake akaugonga upande wa pili. Meli moja ilitaka ribiti maelfu kwa maelfu.

Mwaka 1941 nyambizi za Wajerumani zilikuwa zikizamisha meli nyingi za Waingereza. Basi Wamarekani wakaanza kuunda meli za namna moja, zilizoitwa Liberty. Badala ya ribiti walilehemu, yaani waliyeyusha chuma mahali mabamba yanapokutana, mpaka yakawa kitu kimoja. Vipande vikubwa viliundwa mbalimbali, kisha vikainuliwa kwa winchi na kuungwa. Wengi wa wafanya kazi, wake kwa waume, hawakuwa wameunda hata mashua. Hata hivyo, mwezi Novemba 1942, huko Richmond, California, meli Robert E. Peary ilishuliwa baada ya siku 4 na saa 15 tu! Kwa jumla zilishuliwa meli 2,710.

Sasa sikilizeni vizuri. Tarehe 16 Januari 1943 meli ya mafuta Schenectady, iliyolehemiwa vilevile, ilikuwa imefungwa gatini Portland, Oregon. Maji yalikuwa shwari. Ghafula ikapasuka katikati kwa kishindo. Baadhi ya meli za Liberty nazo zilivunjika baharini, na watu wakafa.

Walilaumiwa walehemu. Lakini Bibi Constance Tipper, mtaalamu wa Cambridge, Uingereza, alionyesha kwamba chuma chenyewe kilipopata baridi hakikupindika tena, bali kilivunjika kama kigae. Ufa ulianza mara nyingi kwenye pembe kali za mlango wa ngama. Katika meli ya ribiti ufa huweza kukoma bamba linapoisha. Katika meli iliyolehemiwa hauna pa kukomea. Kwa hiyo pembe zikaviringwa, na mahali pengine ribiti zikarudishwa ili kuukatiza ufa.

Kulehemu hakukuachwa. Meli za makontena za leo huundwa kwa vipande vikubwa vilivyolehemiwa. Ziko na meli zinazochukua gesi iliyopozwa hadi digrii 162 chini ya sifuri, ikawa kama maji. Matangi yake hufanywa kwa madini yasiyovunjika kwa baridi hiyo. Chuma cha Liberty kisingedumu hata safari moja.

Mwalimu wa darasa, tafadhali andika ubaoni: bamba, ribiti, kulehemu, ufa.