Joto Linalopanda Mlimani

Bibi yangu wa Kasulu husoma mvua kwa ngozi. Mchana ukiwa na fukuto, husema, "Jua likichoma hivi, jioni litalipa." Kwa miaka mingi lililipa kwa wakati. Kisha mwaka mmoja alipanda maharage baada ya mvua ya kwanza. Jua likawaka wiki tatu, halafu ikaja mvua moja kubwa, ikakokota mbegu na udongo hadi bondeni. Usiku ule aliniambia, "Nadhani nimezeeka."

Kauli hiyo ndiyo iliyonipeleka kwenye historia ya joto.

Mwaka 1856, Mmarekani Eunice Foote aliweka mitungi ya kioo juani. Uliojazwa kaboni dioksidi ulipata joto kuliko wenye hewa ya kawaida, ukachelewa kupoa. Aliandika kwamba angahewa ya gesi hiyo ingeipa dunia joto kali. Burton na Speke walipofika Ujiji, chini ya milima yetu, Februari 1858, maneno hayo yalikuwa yameshachapishwa.

Joto lililonaswa halitulii, husafiri. Jua huyageuza maji ya ziwa, ya vinamasi vya Malagarasi na ya majani ya miombo kuwa mvuke, na mvuke huondoka na joto ndani yake. Ukifika juu penye baridi, hurudi kuwa matone na kuliachia joto lile, nalo hulisukuma wingu juu zaidi. Hapo ndipo zinapozaliwa dhoruba za radi zinazotikisa mabati ya Kibondo.

Kwa kila nyuzi 1 ya joto inayoongezeka, hewa huweza kubeba mvuke zaidi kwa takriban asilimia 7. Hewa kama hiyo huunyonya udongo kwa ulafi, na ikimwaga, humwaga kwa pupa. Ziwa Tanganyika lenyewe limepata joto tangu vipimo vya mwaka 1913.

Nilimweleza bibi haya jikoni. "Hujazeeka, bibi. Mvua ni ileile, mzigo wake ndio umeongezeka."

Alichochea moto kwanza. "Huyo wa mitungi alijua lini?"

"Mwaka 1856."

"Na mimi naambiwa leo."

Msimu uliofuata alipanda nusu ya mbegu. Nusu nyingine aliifunga kwenye mfuko, akaitundika juu ya meko, kusubiri mvua ya pili.