Kura za Kenya: Kutoka Mlolongo hadi Fomu 34A

Vijana wetu waliozaliwa huku Uingereza hudhani kwamba mitambo ndiyo iliyoleta uaminifu katika kura za Kenya. Mimi niliyesomesha historia miaka mingi nasema sivyo, na yafaa tuyaandike haya wajukuu wasije wakarithi nusu ya kisa.

Mwaka 1988 wagombea wa KANU waliteuliwa kwa mlolongo. Wanachama walipanga mstari nyuma ya mtu wao au picha yake, wakahesabiwa mchana kweupe. Aliyepata zaidi ya asilimia 70 alipita bila ya kura ya siri. Tuliokuwa vijana wakati ule tunayakumbuka malalamiko: mstari mfupi umetangazwa mshindi, mrefu umerudi nyumbani. Wote waliona, lakini watu wakishatawanyika hapakubaki kitu cha kuhesabiwa upya.

Mwaka 1992 watu walipiga kura ya siri, na karatasi zikawapo. Shida ikawa njiani: baina ya kituo na Nairobi hesabu ilipita mikono ambayo mwananchi hakuiona. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 nchi iliwaka moto, wakafa watu zaidi ya 1,100. Mwaka 2013 vifaa vya elektroniki vililetwa, vingi vikakwama. Mwaka 2017 mitambo ilitoa hesabu upesi, na mshindi akatangazwa kabla ya fomu zote kuonekana. Tarehe 1 Septemba Mahakama ya Juu, chini ya Jaji Mkuu David Maraga, ikaubatilisha uchaguzi wa rais.

Agosti 2022 ndipo Tume ya uchaguzi ilipofungua mlango. Fomu 34A, yaani karatasi ya matokeo ya kila kituo, zilipigwa picha katika vituo zaidi ya 46,000 na kuwekwa kwenye intaneti, karibu zote kabla ya mshindi kutangazwa. Aliyeko Kisauni na aliyeko Leicester wakasoma karatasi moja. Mwaka huo pia ndio wa kwanza kwa Wakenya wa Uingereza kumpigia rais kura papa hapa. Waliojiandikisha walikuwa wachache. Lakini hata asiye na kadi aliweza kujumlisha.

Makamishna wanne kati ya saba waliyakana matokeo. Mahakama ikayathibitisha tarehe 5 Septemba. Koo zetu zina watu wa pande zote mbili, na sitaki kuamua ugomvi wao hapa. Ninalosema ni kuwa safari hii waliteta juu ya karatasi waliyoweza kuisoma wote, wala si juu ya uvumi.

Simu ile ile iliyotuletea fomu hutuletea na uongo, mara nyingi kutoka kwa jamaa tunaowapenda. Basi uchaguzi mwingine ukifika, ndugu zangu, kabla hatujanuniana kwa sababu ya tokeo tulilotumiwa, tuulizane kwanza: fomu yake iko wapi?