Kitabu cha nyimbo na shamba la Kapolowe

Wandugu, mwaka jana mwishoni mwa kiangazi chifu wa kwetu alituita. Mtu mmoja wa mjini alitaka hekta nyingi kando ya dembo, na shamba la wakubwa wangu lilikuwa katikati ya ramani yake. Swali lilikuwa fupi: "Muko na karatasi?"

Mimi niko na lisansi ya agronomia. Udongo naweza kuusoma kwa vidole. Lakini karatasi ya shamba lililonilipia masomo sikuwa nayo, na baba hakuwa nayo, na babu alishakufa. Nyumbani kulikuwa na kitabu kimoja tu cha zamani: kitabu cha nyimbo cha Kilutheri, kimefungwa kitambaa. Kurasa nyeupe za mwisho zimejaa mwandiko wa babu. Kitabu hicho ndicho kilinifundisha historia ninayowaletea.

Babu alizaliwa pwani ya Ziwa Tanganyika, upande wa Albertville, ambayo leo ni Kalemie. Kijana bado, alivuka maji kwenda Tanganyika ya Waingereza, akapanda treni ya Kigoma, akafika kwenye mashamba ya katani upande wa Tanga. Huko Walutheri walikuwa wa zamani: wamisionari Wajerumani walifika milima ya Usambara mwaka 1891. Babu alijifunza kusoma kwa katekisimu, akabatizwa, akarudi kwao na kitabu hicho mkononi.

Mwaka 1956 reli ya Kabalo hadi Kamina ilikamilika, na mtu wa Albertville akaweza kuja kusini kwa treni mpaka Jadotville, ndiyo Likasi yetu. Babu alikuja 1957. Alifanya kazi mjini miaka miwili, akaichoka. Siku za mapumziko alishuka Kapolowe-Gare kununua samaki. Aliyekuwa anamuuzia ndiye nkambo wangu.

Nkambo ni mtoto wa hapa, wa bonde la Lufira. Mama yake aliona maji yakipanda kisha bwawa la Mwadingusha kujengwa. Umeme wa kwanza ulitoka pale mwaka 1930, kwa ajili ya viwanda vya shaba vya Union Minière. Bonde likawa ziwa, ndilo Tshangalele. Wavuvi walipata samaki, lakini familia ya nkambo ilipoteza mashamba ya dembo, udongo mweusi unaoshika maji hata Agosti. Wakapanda juu, kwenye msitu wa miombo, wakaanza upya. Hadi leo waya kubwa zinapita, na usiku sisi tunawasha taa ya mafuta.

Walioana 1959. Babu hakuwa na ardhi Kapolowe. Mjomba wa nkambo ndiye aliyewaonyesha mahali: kutoka muembe hadi kichuguu kikubwa, kutoka kichuguu hadi dembo. Kanisa la Kilutheri hakukuwa. Kapolowe-Mission ilikuwa ya Wakatoliki, na Wametodisti walikuwa na kituo kikubwa Mulungwishi, ng'ambo ya Likasi. Basi Jumapili walisali wawili nyumbani, babu anasoma, nkambo anaimba. Ni katika hiyo sala ndipo nkambo alijua kusoma.

Maandishi ya babu ni mafupi. Kila mwaka siku ya mvua ya kwanza, siku ya kupanda, watoto waliozaliwa. Mimi nilitegemea dini, nikakuta kilimo. Anaandika kwamba mahindi ya kwanza yanapandwa kwenye vichuguu. Chuo kikuu nilifundishwa kwamba udongo wa vichuguu vya Katanga una chokaa na rutuba kuliko ule mwekundu wa pembeni, ambao ni mchachu na umechoka. Nkambo aliijua hiyo kwa mama yake, babu akaiandika, mimi nikaifanyia mtihani.

Historia kubwa nayo inapita humo, kwa mistari miwili miwili. "1961, Septemba. Bunduki kwenye daraja la Lufira. Mbegu tumeweka chini ya kitanda." Ni siku zile askari wa Ireland wa Umoja wa Mataifa walizungukwa Jadotville, na wenzao waliotumwa kuwaokoa wakazuiwa kwenye daraja hilo. Kwenye vitabu vya vita Lufira ni daraja. Kwenye kitabu cha babu ni mbegu, kwa sababu mvua ingekuja Novemba, vita au hakuna vita.

Mwishoni mwa 1971 serikali ilitambua makanisa matatu tu: Katoliki, Kimbanguisti, na Kanisa la Kristo ambalo Waprotestanti wote waliwekwa ndani yake. Mwaka 1972 Mobutu akakataza majina ya Kikristo. Kuanzia hapo watoto wameandikwa kwa majina ya wakubwa peke yake. Lakini pembeni, kwa penseli, kuna majina ya ubatizo. Ule mwandiko si wa babu. Ni wa nkambo.

Mstari unaonishika zaidi ni wa 1993: "Bunga, stesheni. Nkambo amekwenda mara tatu." Wazee wanajua ni nini. Mwaka 1992 na 1993 watu wenye asili ya Kasai walifukuzwa Likasi, familia nyingi zikalala stesheni miezi na miezi zikingojea treni. Nkambo alibeba bunga ya bukari akawapelekea. Babu alibaki nyumbani. Nilimuuliza nkambo kwa nini. Akajibu: "Babu yako aliogopa. Yeye pia alikuyaka na treni."

Sasa muelewe shida yangu mbele ya chifu. Ukurasa wa kwanza wa maandishi umeandikwa: "Nimefika Kapolowe 1959, mgeni." Na kwenye mkutano kulikuwa na mzee mmoja aliyekuwa anasema hilo hilo: hawa ni watoto wa mgeni, watapewa kitu kidogo, waondoke. Nilifikiri kuukata ule ukurasa. Nasema kweli, wembe ulikuwa mkononi. Kurasa zingine zinaonyesha zaidi ya miaka hamsini ya kupanda. Nani angejua kama mmoja umekosekana?

Na sheria isingetubeba. Sheria ya tarehe 20 Julai 1973 inasema ardhi ni mali ya serikali. Kuhusu ardhi wanayokaa na kulima watu wa vijiji, kifungu cha 389 kinasema haki zao zitapangwa kwa amri ya rais. Miaka ikapita makumi, amri hiyo haikutoka. Kwa hiyo mkulima wa Kapolowe anabaki na vitu viwili: neno la chifu na kumbukumbu ya majirani.

Nkambo aliniona na wembe. Hakupiga kelele. Alisema: "Unataka kukata mgeni? Mgeni njo aliandika. Mwenye shamba ni mimi. Tangu wakati gani muliniuliza?"

Wandugu, nilikaa chini. Hata mimi, na lisansi yangu, nimekuwa nikisema "shamba la babu". Babu mwenyewe aliandika "shamba langu". Aliyepewa ardhi ni nkambo, na mjomba wake, na mama yake aliyepandishwa juu na maji ya bwawa. Huyo mzee alipotuita watoto wa mgeni, alikuwa amemsahau mtu yule yule ambaye sisi tulimsahau.

Tulikwenda kwa chifu na kitabu kizima. Nkambo alisema aliyoyajua: jina la mjomba, mpaka wa muembe, majirani walioshuhudia, ukoo wa kila mmoja. Kisha akaomba watembee. Wakatembea, wazee na chifu, mimi nyuma na simu yangu nikichukua vipimo kwa setelaiti. Muembe uko. Kichuguu kiko, mahindi juu yake. Yule mzee, kufika kichuguu, alinyamaza, halafu akasema baba yake pia alikuwa anakitaja.

Chifu aliandika karatasi na majirani wakatia dole. Haijawa cheti. Faili iko kwenye ofisi, tunangoja, na mtu wa mjini bado anapita na gari lake. Sijui itaisha vipi. Lakini kwenye karatasi ile, kwa mara ya kwanza, mahali pa mwenye shamba pana jina la nkambo, na jina la babu liko chini yake.

Mvua ya kwanza ilipokuja, aliniomba penseli. Aliandika tarehe mwenyewe, polepole, chini ya mstari wa mwisho wa babu. Imebaki nusu ukurasa.

Nyinyi ambao kwenu kuna mzee bado hai: mpaka wenu unajulikana na nani? Mumuulize kabla ya kupanda. Na musimuulize babu peke yake.